Mshipa umekakamaa baada ya sindano ya povu: unapona au umeharibika?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 44, nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, kazi ya kusimama tangu alfajiri. Mishipa ya mguu wa kushoto ilivimba na kujipindapinda tangu mimba yangu ya tatu. Wiki tano zilizopita nilichomwa sindano ya povu kwenye hospitali moja hapa mjini, nikaambiwa nitembee siku hiyohiyo na nivae soksi ya kubana. Sasa kuanzia katikati ya paja hadi chini ya goti kuna kitu kigumu, ukikigusa kinauma, na ngozi ya juu yake ina mstari mweusi. Dada yangu anasema damu imegandia humo, nitapooza, kwa hiyo nilale nisitembee. Jirani anataka kunikanda kwa maji ya moto na chumvi. Je, wameniharibia mshipa? Damu iliyokuwa inapita humo inaenda wapi? Na mguu wa kulia nao una mishipa, niutibu lini? Wabeja.

JIBU: Marahaba, mama. Dada yako ameona kitu cha kweli ila amekitafsiri vibaya. Jirani yako nia yake njema, lakini asikuguse na hayo maji.

Mshipa huo umeharibiwa, ndiyo, tena kwa makusudi. Hiyo ndiyo tiba yenyewe. Aliyekuchoma alitaka ukuta wa ndani uungue kwa dawa, mshipa usinyae, pande zake zishikane, pageuke kovu, kisha mwili uliyeyushe taratibu. Kama hilo litafanikiwa au la, mwamuzi mkubwa ni damu: ilikuwa nyingi kiasi gani mshipani dawa ilipoingia, imebaki kiasi gani baada ya hapo, na inakwendaje kwenye mishipa ambayo haikuguswa. Ukiyashika hayo, karibu kila ulichouliza kitakuwa kimejibika.

Kwanza ugonjwa ulivyoanza. Ukisimama bila kusogea, uzito wa damu yote iliyo kati ya moyo na kifundo cha mguu unazielemea vena za chini, ile mishipa inayorudisha damu moyoni. Presha ndani ya vena ya kifundoni hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ukianza kutembea, misuli ya shavu la mguu inazikamua vena za ndani, damu inapanda, na vali ndogo zilizomo humo zinaizuia isirudi. Kwa mtu mzima wa afya presha ile hushuka hadi chini ya 30.

Vali hizo zilielezwa na Fabricius, mwalimu wa Padua huko Italia, mwaka 1603. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, akaonyesha kazi ya vali hizo mwaka 1628 kwa jaribio ambalo unaweza kulifanya hapo ulipokaa. Funga kitambaa juu ya kiwiko, usikaze sana, kisha kunja ngumi. Vena za mkono zitatokeza, na hapa na pale utaona vifundo vidogo. Hapo ndipo penye vali. Bana vena kwa kidole kimoja upande wa kiganja, halafu kwa kidole cha pili isukume damu kuelekea kiwikoni mpaka ipite kifundo kimoja, kisha kiachie hicho kidole cha pili. Kipande kilicho kati ya kidole na kifundo kitabaki bapa, ingawa juu yake vena imejaa. Damu haikubali kurudi. Kabla ya tiba, vena ya mguu wako wa kushoto ingejaa kutoka juu papo hapo.

Sasa ukuta wenyewe. Kwa ndani vena imetandikwa tabaka moja tu la seli, na seli hizo zinahisi damu inavyozisugua. Damu ikipita kwa mwendo ulionyooka, zinatoa oksidi ya naitriki na kemikali nyingine zinazoutuliza ukuta na kuzuia damu isigande. Damu ikizubaa, au ikiwa inapanda na kushuka kila unapohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, seli zilezile zinageuka tabia. Zinaanza kunasa chembe nyeupe za damu, chembe zinapenya ukutani, vimeng'enya vinakula nyuzi za kolajeni na elastini zilizokuwa zimeushikilia. Ukuta unalegea, vena inatanuka. Ikitanuka, midomo ya vali haikutani tena, na damu inazidi kurudi chini.

Mimba ilikufungulia mlango: homoni zake hulegeza ukuta wa vena, damu mwilini huongezeka, na mtoto hubana vena za nyonga. Kazi ikamalizia. Wapo watakaokwambia mguu wa namna hiyo umekanyaga kitu. Ulichokanyaga ni sakafu ya mwalo, miaka mingi, bila kupata pa kukaa.

Tuje kwenye sindano. Dawa inayotumika sana kwa povu ni polidokano au sodiamu tetradesili. Zote ni za jamii ya sabuni: zinayeyusha mafuta kwenye utando wa seli zinazotandika mshipa, seli zinabanduka. Tatizo ni kwamba protini za damu, hasa albumini, huikamata dawa hiyo na kuinyima nguvu. Ukiichoma ikiwa maji kwenye vena pana iliyojaa damu, inazimuliwa, inakamatwa, na kinachofika ukutani ni hafifu. Fundi wa baiskeli hapaki gundi kwenye tyubu yenye maji; anaifuta kwanza. Na kwenye mshipa ni hivyo, damu lazima iondoke njiani.

Ndiyo maana ya povu. Mwaka 2000 daktari Mwitaliano, Lorenzo Tessari, alieleza namna nyepesi ya kulitengeneza: mabomba mawili ya sindano yameunganishwa kwa koki ya njia tatu, moja lina dawa, lingine hewa, unasukuma huku na huku mpaka linakuwa jeupe zito. Bila shaka uliyaona mabomba hayo mkononi mwa daktari. Povu likiingia halichanganyiki na damu kirahisi, linaisukuma mbele na kuchukua nafasi yake, kwa hiyo dawa inakaa imegusana na ukuta kwa muda mrefu zaidi. Kama walikuinulia mguu kabla ya kuchoma, lengo lilikuwa hilohilo: vena iwe tupu na nyembamba.

Kuna jambo la kina zaidi hapa. Dawa ikibandua tabaka la ndani peke yake, mwili unaweza kulitandika upya. Seli zinatambaa kutoka sehemu nzima ya jirani, na baada ya miezi damu inapita tena kama vile hukutibiwa. Ili mshipa uzibe kwa kudumu, madhara lazima yafike kwenye tabaka la misuli lililo katikati ya ukuta. Vena ikiwa pana sana, au damu ikiwa inaendelea kuingia kutoka juu kinenani au kutoka matawi ya pembeni, dawa haifiki huko. Hii ndiyo sababu vena kubwa iliyotibiwa kwa povu hufunguka tena mara nyingi kuliko iliyotibiwa kwa joto. Kwenye tiba ya mawimbi ya redio, ambayo ni mojawapo ya tiba za joto, waya ulioingizwa ndani ya mshipa hupasha kipande cha vena cha sentimita 7 hadi nyuzi joto 120 kwa sekunde 20. Hata hapo damu ina neno lake. Daktari humimina maji yenye dawa ya ganzi kuizunguka vena kabla ya kuwasha mashine, na wagonjwa hudhani ni ganzi tu. Maji yale yanaikamua vena iishike waya, damu ikae pembeni, na nyama ya jirani isiungue. Kwa leza ni vivyo hivyo, kwani damu iliyobaki hufyonza mwanga, inachemka na kuganda, na ukuta unapata makombo.

Sasa kile kitu kigumu unachokigusa.

Hata kazi ifanywe vizuri vipi, damu kidogo hubaki imenaswa ndani ya vena iliyosinyaa. Haina pa kutokea, inaganda. Mwili unaichukulia kama takataka: chembe za kinga zinaivamia, ukuta unavimba, panauma, pagumu. Hapo dada yako yuko sahihi kabisa, damu imegandia humo. Lakini imegandia ndani ya mshipa unaofungwa, na kwa wiki tano kwa kawaida imeshajishikiza kwenye ukuta. Kupooza anakokuogopea hutokana zaidi na ateri za ubongo, mishipa inayopeleka damu huko kutoka moyoni, kuziba au kupasuka. Bonge la vena ya mguu likitoka huelekea mapafuni, na la kuogopwa hasa ni lile la vena za ndani, nitalifikia.

Mstari mweusi nao ni damu hiyohiyo. Chembe nyekundu zinavunjika, chuma kilichokuwa ndani yake kinabaki kwenye ngozi, na kwa ngozi zetu uvimbe wenyewe huongeza weusi. Kadiri damu iliyonaswa inavyokuwa nyingi na kukaa muda mrefu, ndivyo mstari unavyokuwa mzito. Mara nyingi hufifia ndani ya miezi 6 hadi 12. Tafadhali usipake krimu za kung'arisha. Chuma kiko ndani zaidi ya zinapofika, na ngozi ya mguu wenye ugonjwa wa vena haihitaji kuchubuliwa.

Kwa hali unayoieleza, ningependa urudi kwa aliyekutibu wiki hii, kwa mambo mawili. La kwanza ni utrasaundi ya dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyokwenda mshipani, ionekane kama bonge limebaki kwenye vena iliyotibiwa au limepanda kuelekea kinenani, ambako vena hiyo inaungana na ile kubwa ya ndani. La pili ni kukamuliwa. Damu iliyonaswa ikishalainika, kwa kawaida baada ya wiki mbili na kuendelea, daktari anatoboa sehemu mbili tatu kwa ncha ya sindano, anabonyeza, na inatoka damu nyeusi nzito ya zamani. Wagonjwa wengi hushangaa maumivu yanavyopungua palepale, na mstari nao huwa mwepesi baadaye. Sijui kwa nini huduma hii ndogo husahaulika. Haihitaji chumba cha upasuaji wala kulazwa. Lakini ifanywe na daktari, kwa vifaa safi. Usijitoboe, wala usiende kuchanjwa chale.

Na kukandwa? Joto linatanua mishipa ya ngozini na kuileta damu palepale tunapoikataza, na kuchua kwa nguvu mshipa uliovimba kunauumiza zaidi. Chumvi haifanyi lolote. Mwambie jirani akubebee ndoo badala yake.

Kulala au kutembea? Tembea. Mwaka 1856 Mjerumani Rudolf Virchow alikuwa anaandika juu ya mabonge yanayosafiri hadi mapafuni, na mpaka leo tunafundisha kwa jina lake mambo matatu yanayogandisha damu: damu iliyozubaa, ukuta uliojeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Wewe ukuta umeshajeruhiwa kwa makusudi. Ukilala siku nzima unaongeza la kwanza. Kila hatua unayopiga, shavu la mguu linakamua vena za ndani, damu inakimbia humo, na mabaki ya dawa au povu yaliyopenya yanasombwa kabla hayajaleta shida. Presha inayoshuka kwenye vena za ndani huipunguzia na ile iliyotibiwa msukumo wa kuijaza tena. Nusu saa ya kutembea kila siku ni ushauri wa kawaida, na mteremko wa Kirumba unatosha. Kusimama wima mahali pamoja ni jambo lingine kabisa, usilihesabu kuwa zoezi. Ukiwa kwenye mizani na huwezi kuondoka, nyanyuka kwa vidole vya miguu, shuka, nyanyuka tena.

Dada yako ana nusu ya haki: usiku, au mchana ukipumzika, weka mguu juu ya mto uwe juu kidogo ya moyo.

Damu iliyokuwa inapita kwenye vena hiyo haijakosa njia. Kwenye mguu, kama asilimia 90 ya damu hurudi kupitia vena za ndani, zilizo katikati ya misuli. Za juu hubeba iliyobaki. Na yako iliyotibiwa ilikuwa inabeba kinyume, inashusha damu ambayo vena za ndani zilikuwa zimeshaipandisha. Ukiifunga, mzigo wa zile za ndani unapungua. Ndiyo maana mguu mwepesi jioni ni dalili nzuri kuliko mshipa kupotea machoni.

Ila hesabu hiyo inasimama juu ya vena za ndani zilizo wazi. Mguu mzima ukivimba ghafla, au shavu la mguu likiuma kwa ndani na kujaa, au ukikosa pumzi bila sababu, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri pakuche. Ninawaambia hili hasa wasomaji wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine: mkija kutibiwa mjini, pangeni pa kukaa siku za mwanzo, maana usiku huo kivuko hakitakuwepo. Na wiki kama nne za kwanza si za kupanda basi la Dar es Salaam. Kukaa kitini mchana kutwa ni damu kuzubaa kwa jina lingine.

Soksi. Madaktari hatuimbi wimbo mmoja hapa. Majaribio kadhaa ya miaka ya karibuni hayakuona faida kubwa ya kuivaa kwa wiki nyingi baada ya kufunga vena, wengi huridhika na wiki moja au mbili. Mimi kwa mtu anayefanya kazi kama yako ningeiacha iendelee saa za kazi mpaka pale pagumu palainike, kwa sababu inabana vena na kuacha nafasi ndogo ya damu kurudi. Ivae asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa haujajaa. Najua joto la Mwanza, na najua mchanga wa mwaloni unavyoingia kila mahali: uwe na jozi mbili, ivue usiku, ifue. Ikilowa ukipokea mitumbwi, ibadilishe, na usidhani inakukinga na kichocho, haikukingi. Kama una sukari, au unavuta sigara, au nyayo zinakuwa baridi na kuuma ukilala, wapime kwanza presha ya ateri za mguu. Soksi ya kubana kwenye mguu usiopata damu ya kutosha inaweza kuua ngozi.

Mguu wa kulia unategemea ngozi ya kifundo chake. Iangalie kwenye mwanga, upande wa ndani. Kama ni laini na ya rangi moja na ngozi nyingine ya mguu, huna haraka. Subiri wa kushoto upone na utrasaundi ionyeshe umeziba. Kama imekuwa nyeusi, ngumu, inawasha, au ulishapata kidonda kilichochukua muda mrefu kufunga, usikae. Vidonda hivi watu huviita donda ndugu wakavipaka kila kitu, kumbe kinachovilisha ni presha ya vena iliyo juu yake. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa 450 wenye vidonda vya namna hiyo. Waliofungiwa vena mapema, pamoja na bandeji za kubana, nusu yao walikuwa wamepona ndani ya siku 56. Waliofungwa bandeji na kusubirishwa tiba ya vena, siku 82. Kidonda kilekile, bandeji zilezile, tofauti ni damu kuacha kurudi mapema.

Utakapopanga siku, uliza kipimo kilionyesha damu inarudi kwa muda gani. Kwa vena za juu, zaidi ya nusu sekunde huhesabika kuwa ugonjwa. Uliza pia upana wa vena, na kama ni pana sana uliza kama tiba ya joto inapatikana kabla ya kukubali povu tena. Tarehe yenyewe chagua wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanakuwa wamepumzika, mwaloni hakuna mzigo, na hutalazimika kusimama kwenye mizani wiki hiyo ya kwanza ambayo mguu unahitaji kutembea na kuinuliwa kwa zamu. Soksi uliyonayo nenda nayo uivae mbele yao. Uvimbe ukishuka mguu unapungua, na iliyokutosha wiki tano zilizopita huenda sasa haibani kitu.